Kiangazi Chetu na Kiangazi Chao

Msomaji, mimi ni mtoto wa Inyonga, nimemaliza kidato cha nne, na naandika riwaya ambayo haijaisha. Nakuambia mapema usije ukadhani nimesomea sinema chuoni. Sinema zangu nimezionea kwenye kibanda umiza, nimekaa juu ya benchi la mbao, jenereta likinguruma nyuma ya ukuta.

Ilikuwa likizo ya Juni, niko kidato cha pili. Siku hiyo mwenye kibanda aliweka *Stand by Me*, nadhani alitegemea vita. Vita hakuna. Nusu saa tu watu wazima wakaanza kudai hela yao, wakatoka. Tukabaki washikaji wanne. Wavulana wa Kimarekani, nao wanne, umri wao kama miaka 12, wanafuata reli siku za mwisho za likizo ya mwaka 1959 kwenda kutafuta maiti ya mtoto aliyegongwa na treni. Basi, hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Wanatembea, wanabishana, wanalia, wanalala porini. Na anayesimulia ni mmoja wao, amekuwa mtu mzima, tena mwandishi! Mimi niliganda pale kama niliyepigwa na radi.

Aliyetutafsiria alikuwa mwenzetu mmoja, kichwa kweli kweli kwa Kiingereza. Alijifanya Lufufu, yule bwana wa Dar es Salaam aliyejijengea jina kwa kutia Kiswahili kwenye kanda za video. Penye neno "summer" yeye alisema "kiangazi". Tukaelewa upesi, maana Juni Inyonga nayo ni kiangazi, mvua zimekwisha, vumbi limeanza. Tukajua likizo yao na yetu ni moja.

Miaka imepita ndipo nimeona kosa lilikuwa wapi. Neno alilitafsiri sawa. Kilichotupotosha ni likizo yenyewe.

Wamarekani wengi huambiwa kwamba likizo yao ndefu ilitokana na kilimo. Fikiri kidogo utaona haiingii akilini: mkulima anataka watoto wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, siyo katikati. Likizo ile ilikua zaidi mijini katika karne ya 19, ambako madarasa yalikuwa tanuri na wenye uwezo walihama mji kukimbia joto. Halafu mwaka 1938 ikapita sheria ya taifa iliyobana ajira ya watoto. Kwa hiyo kufikia 1959 mvulana wa mji mdogo kule Oregon, hata wa familia hohehahe, aliweza kupata siku mbili ambazo hakuna mtu aliyemdai kitu. Humo ndimo filamu zao zinamoishi. *American Graffiti* ya George Lucas, ya 1973, ni usiku mmoja tu wa mwisho wa kiangazi cha 1962. *Stand by Me* yenyewe, aliyoiongoza Rob Reiner ikatoka 1986, inatokana na hadithi ya Stephen King ya 1982. Watu wazima wanakumbuka muda waliokuwa nao.

Sasa njoo kwetu. Sinema ilipoanza kututazama ilitutazama kama wanafunzi. Mwaka 1935 Waingereza waliweka kambi Vugiri, kwenye milima ya Usambara, wakatengeneza filamu kama 35 hadi 1937, chini ya Meja Notcutt. Zilihusu kodi, safura, kuweka akiba posta. Zilizungushwa kwa lori Afrika Mashariki, sauti zikiwa kwenye santuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaja *Muhogo Mchungu*, ambamo mshamba anaingia mjini. Unajua nani aliigiza? Rashidi Kawawa, huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Tukajitawala, ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na *Fimbo ya Mnyonge* ya miaka ya 1970 ikahubiri vijiji vya Ujamaa. Kijana yumo, lakini yumo ili afundishwe. Akikaa bila kazi yeye ni mzururaji, na mwaka 1983 tulitungiwa hadi Sheria ya Nguvu Kazi. Hata *Girlfriend* ya 2003, iliyofungua njia ya filamu za Bongo, kijana wake ni wa mjini, wa muziki na mapenzi. Mvulana wa kijijini aliyefunga shule, akawa hana la kufanya, simjui katika filamu hata moja ya nyumbani.

Simlaumu mtu. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitaka shule iwe na shamba, na mahindi ya shamba la shule nimeyala. Lakini Juni ya Inyonga hebu ione ilivyo. Ni majira ya soko la tumbaku: majani yanachambuliwa kwa madaraja, marobota yanafungwa, na vidole vya mtoto ni vyepesi. Ni majira ya kurina asali pia. Baba anakuchukua kambini, unabeba maji, unashika mwenge wa moshi, unaumwa na nyuki hadi jicho linafumba. Porini tulilala kuliko wale wa Oregon. Ila tulilala tumechoka.

Yule mtafsiri wetu likizo ile alikwenda kambini na baba yake. Tumbaku ya nyumbani kwao ilishuka daraja, hela haikutosha, na Julai dawati lake lilikuwa tupu. Kwenye filamu yumo mvulana anayeitwa Chris, ana akili lakini anaogopa kwamba kwa jina la ukoo wake hakuna anayemtarajia kufika popote. Rafiki yake anamtia moyo, naye anasoma mpaka anakuwa mwanasheria. Mimi sikumwambia mwenzangu kitu. Nilikuwa na miaka 15 na nilikuwa na njaa ya kurudi shule.

Riwaya yangu ni ya Juni hiyo. Nimewasomesha watu wawili watatu sura za mwanzo, wananiuliza kisa kiko wapi, mbona vijana wanatembea tu.

Nilisahau jambo. Siku ile petroli iliisha kabla filamu haijaisha. Gizani mle mtafsiri akaendelea kutusimulia kana kwamba anaona: wakamkuta yule mtoto yu hai, kavunjika mguu tu, wakambeba kwa zamu hadi kwao. Mwisho wenyewe nimeuona juzi juzi kwenye simu. Alinipigia mwezi uliopita akiwa juu ya kichuguu, ndipo mtandao unaposhika, akauliza naandika nini siku hizi. Nikamwambia naandika ile filamu yetu. Akacheka, akauliza, "Ule mguu ulipona?"

Nikamjibu ulipona.