Sarafu ya Mjerumani: Picha Mbovu Inavyowala Watu Hela

Ukisema "sina hela" umetamka neno lililokuja na Mjerumani. Mwaka 1904 utawala wake ulibadili hesabu ya pesa huku kwetu: rupia 1 ikawa Heller 100. Kabla ya hapo rupia 1 ilikuwa pesa 64. Mjerumani akaondoka, sarafu zikabaki kwenye makopo na masanduku ya mabibi, na jina likabaki midomoni mwetu mpaka leo.

Sasa zile sarafu zinafufuka. Kijana wa Butimba anapanga vitu vya marehemu babu, anakuta kisarafu chenye tundu katikati. Fasta anapiga picha, anaitupia kwenye grupu: "Wadau, hii inaenda shingapi?" Picha ina ukungu, kidole kimeziba nusu, flashi imepiga mpaka katikati pamekuwa peupe. Mwenye ujuzi hawezi kusema lolote la maana hapo. Anayejibu haraka ni dalali, kwa sababu ameshaona kuwa mwenye mali hajui alichoshika. Ndipo watu wanapigwa: huyu anauza kitu adimu kwa bei ya soda, yule ananunua feki kwa bei ya kiwanja.

Tatizo ni kwamba thamani ya sarafu hizi imejificha kwenye vitu vidogo mno. Kuna herufi moja ndogo inayosema ilitengenezwa wapi. A ni Berlin. J ni Hamburg. Na ukiona T, hiyo haikuvuka bahari: ni Tabora!

Ya Tabora ndiyo stori kali. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipopamba moto, manowari za Waingereza ziliziba pwani na sarafu mpya hazikuweza kuingia. Wajerumani wakageuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha pesa. Mwaka 1916 zikatoka Heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, zikiwa na sura ya kazi ya haraka haraka. Ikatoka pia rupia 15 ya dhahabu, upande mmoja tembo mbele ya mlima Kilimanjaro, upande wa pili tai wa Ujerumani. Zilipigwa 16,198 tu. Mafundi walioshika nyundo na mashine hawana majina kwenye sarafu zile, alama yao ni hiyo T. Mwezi Julai mwaka huohuo Waingereza wakaichukua Mwanza, na Septemba Tabora ikaingia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji. Mchezo ukaishia hapo.

Hata hiyo ya dhahabu ina aina mbili. Kwenye upande wa tai kuna pambo la kujiviringa: aina moja ncha yake ya kulia inaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, nyingine inaishia chini ya A inayofuata. Ni tofauti ya upana wa herufi moja. Na kwa kuwa feki zake zimejaa, picha yenye ukungu haiwezi kukutenganishia ya kweli na ya kuchonga juzi.

Kupiga picha safi hakuhitaji kamera ya studio. Weka sarafu kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, karibu na dirisha, asubuhi au jioni. Jua la saa sita na flashi achana navyo. Mwanga utokee ubavuni, ndipo maandishi yaliyofutika yanatupa kivuli na kusomeka. Simu iegemeze juu ya vitabu ili isitikisike, itazame chini moja kwa moja. Usiisogeze mno, iweke juu kidogo, vuta picha karibu, kisha gusa skrini kwenye sarafu mpaka itulie. Piga pande zote mbili na ukingo wake, na uweke rula pembeni. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, la sivyo picha inabanwa na ile herufi inapotea.

Halafu, usiioshe! Limau, jivu, dawa ya meno, steelwire, vyote marufuku. Wanaopanga madaraja ya sarafu wanaangalia imelika kiasi gani: ncha za taji, manyoya ya tai. Ukisugua unaongeza mikwaruzo, na mng'ao wa kusugua hauwadanganyi. Uchafu wa miaka mia haushushi bei kama kusugua kwa dakika tano.

Ukweli mchungu ni kwamba hela nyingi zenye tundu ni za kawaida, zilitengenezwa kwa wingi, hazijengi nyumba. Lakini hilo nalo utalijua kwa picha inayosomeka, kabla hujampa mtu nauli ya kuifuata au kugombana na ndugu kwa ajili ya urithi.

Wewe je, kwenye sanduku la bibi kuna herufi gani: A, J au T?