Mikato ya Kibodi: Urithi wa Vidole Vilivyotutangulia

Karani wa ofisi ya ardhi, mwanafunzi anayemalizia tasnifu na mhariri wa gazeti wote hubonyeza Ctrl na C kunakili, kisha Ctrl na V kubandika, bila hata kutazama vidole. Tumeizoea mikato hii kiasi cha kudhani ilizaliwa pamoja na kompyuta. Sivyo. Karibu kila mmoja una watu walioupanga na kazi iliyowasukuma kuupanga hivyo. Historia yake inatufunza jambo moja kubwa: vitufe vilipangwa kwa kutazama mikono ya wenye kazi, kwa hiyo mwenye kazi wa leo naye ana haki ya kuvipanga upya.

Chimbuko lake ni taipureta. Mwaka 1878 mashine ya Remington No. 2 ilileta kitufe cha Shift, na kuanzia hapo kitufe kimoja kikaweza kutoa herufi ndogo na kubwa. Wazo la kushikilia kitufe kimoja ili kubadili kazi ya kingine likashika mizizi. Baadaye mashine za kupeleka maandishi kwa waya zikapata kitufe cha Control, ambacho hakikuandika herufi bali kilituma amri. Control na G, kwa mfano, iligonga kengele kwenye mashine ya upande wa pili.

Mageuzi makubwa yalitokea California, katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC. Mwaka 1974 Butler Lampson na Charles Simonyi walikuwa wakiunda huko Bravo, programu ya kuandikia iliyoonyesha ukurasa kwenye skrini kama utakavyochapwa. Ilikuwa na hatari moja. Herufi ileile ilikuwa maandishi au amri, kutegemea hali ambayo programu ilikuwamo. Aliyeandika neno la Kiingereza “edit” programu ikiwa katika hali ya kungoja amri alipata msiba: E ilichagua hati yote, D ikaifuta, I ikafungua nafasi ya kuingiza maandishi, na T ikaandikwa. Hati nzima ikageuka herufi moja.

Larry Tesler na Tim Mott waliamua kuiondoa hatari hiyo. Waliwatazama wahariri wa shirika la uchapishaji vitabu la Ginn, lililomilikiwa na Xerox, jinsi walivyokata karatasi kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi. Kutokana na kazi hiyo wakaunda programu ya Gypsy, iliyotupatia utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika. Tesler alihamia Apple mwaka 1980, na kompyuta ya Lisa ya mwaka 1983 ikaviweka vitendo hivyo kwenye herufi X, C na V, pamoja na Z ya kutendua. Tesler alieleza sababu: X ni alama ya kufuta, C ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la kunakili, V inafanana na alama ya wahariri ya kuingiza neno iliyopinduliwa, na Z iko jirani nazo. Zote nne zimepangana mstari wa chini, mkono wa kushoto, ili mkono wa kulia ubaki na kipanya.

Wakati huohuo njia nyingine ilikuwa ikifunguliwa. Programu ya kuandikia ya WordStar ya mwaka 1978, iliyoandikwa na Rob Barnaby kwa kampuni ya Seymour Rubinstein, ilikusudiwa kompyuta ambazo nyingi hazikuwa na vitufe vya mishale. Barnaby aliigawia mishale herufi za mkono wa kushoto: Ctrl na E kupanda, X kushuka, S kwenda kushoto, D kwenda kulia. Ukizitazama kwenye kibodi, zimekaa kama ncha nne za dira. Mpiga chapa hakuinua mkono kutoka mahali pake. Mwandishi wa riwaya George R. R. Martin alieleza hadharani mwaka 2014 kwamba bado anaandika kwa WordStar.

Ikafuata WordPerfect, kazi ya Alan Ashton na Bruce Bastian wa Utah, ambayo toleo lake la 5.1 lilitoka mwaka 1989. Yenyewe ilitegemea vitufe vya F. F6 ilikoza maandishi, F7 ilifunga hati, F10 ilihifadhi. Juu ya vitufe hivyo palilazwa kipande cha plastiki chenye majina ya amri kwa rangi: nyekundu kwa Ctrl, kijani kwa Shift, buluu kwa Alt, na nyeusi kwa kitufe peke yake.

Je, nani aamue kitufe kifanye nini? Swali hilo lilijibiwa mapema katika maabara ya akili unde ya chuo cha MIT. Watumiaji wa TECO, programu ya kuhariri maandishi, walikuwa wamejitungia makro, yaani mifuatano ya amri, kila mmoja akazifunga kwenye vitufe alivyopenda. Ikafika mahali aliyeketi kwenye kompyuta ya mwenzake hakujua kitufe kipi kinafanya nini. Guy Steele akaanza kuzioanisha amri hizo, Richard Stallman akaiendeleza kazi, na mwaka 1976 ikazaliwa programu ya kuhariri ya Emacs: mpangilio mmoja wa wote, lakini kila mtu ana ruhusa ya kuubadili. Naamini huo ndio msimamo wa haki kuliko yote. Hata lugha zimedai nafasi yake. Katika programu ya Word ya Kihispania, herufi hukozwa kwa Ctrl na N, na hati huhifadhiwa kwa Ctrl na G.

Ruhusa hiyo iko mikononi mwetu, ila wachache huitumia. Katika Word ya Windows, bonyeza Ctrl, Alt na alama ya kujumlisha iliyo upande wa tarakimu. Kishale kitageuka alama yenye vitanzi vinne, ileile ambayo mbunifu Susan Kare wa Apple aliichagua kwa kibodi ya kompyuta ya Macintosh kutokana na vibao vya Sweden vinavyoonyesha maeneo ya kuvutia. Bofya amri yoyote, kisha uipe kitufe unachotaka. Mhariri anayeshika hati zenye Kiswahili na Kiingereza anaweza kurekodi makro ya kuiambia Word kwamba aya hii ni ya Kiswahili, akaifunga kwenye kitufe kimoja, akaondokana na mistari myekundu chini ya maneno sahihi.

Walimu wa kompyuta, msiishie kuwakaririsha wanafunzi orodha ya mikato. Waonyesheni pia pa kuibadilishia. Nawe msomaji, chagua amri unayoirudia kila siku na uipe kitufe kinachoufaa mkono wako. Iache Ctrl na C ilivyo, kwa kuwa hiyo ni ya wote. Na kama kompyuta ni ya ofisi, andika ulichobadilisha ili atakayekaa baada yako asipotee.