Vibao Nilivyovichoma

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Mimi nilidharau vibao, na tende la dharau hiyo ninalo hadi leo.

Mwaka 1994, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu kwa mwaka wa tatu, niliamuru bohari ya karakana isafishwe kwa sababu wakaguzi walikuwa njiani. Nyuma ya rafu palikuwa na lundo la vipande vya mbao vya ajabu. Kimoja kilipinda kama ubavu wa kibuyu. Kingine kilikuwa ubao mzito uliochimbwa kidogo katikati, mfano wa sinia. Kingine kilikuwa rula ndefu yenye mikato, na nafasi kati ya mkato na mkato ilizidi kupungua kuelekea mwisho. Fundi aliyevitumia alikuwa amestaafu na kurudi kwao. Niliwaambia wanachuo wavipeleke jikoni. Maharage ya siku ile yaliiva upesi.

Fundi yule alikuwa akiunda magitaa. Tangu Elimu ya Kujitegemea itangazwe mwaka 1967, karakana ilikuwa sehemu ya maisha ya chuo chetu, na katika miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, gitaa la kununua lilikuwa ndoto. Kwa hiyo yeye aliunda la mkangazi mbavuni, la saiprasi usoni, na nyuzi zake alizichomoa katika waya za breki za baiskeli. Magitaa yake yote yalilingana kama ndugu wa tumbo moja. Mimi nilidhani siri ni mikono yake.

Miezi michache baada ya usafi ule, gitaa la kwaya lilivunjika shingo. Nilimwita seremala mwingine, hodari wa milango na makabati, nikampa gitaa lile bovu alitazame. Aliunda moja la kupendeza macho. Lakini mbavu zake hazikulingana, uso ulibonyea, na kila mpigaji alipopanda juu shingoni sauti ilitoka nje ya tuni. Seremala hakuona haya. Aliniuliza tu, "Mwalimu, mwenzangu aliyetangulia alikuwa na vigezo vyake. Viko wapi?" Nilijifanya sikusikia.

Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye vitabu, na humo nilikuta kwamba historia ya gitaa ni historia ya maseremala na vibao vyao. Antonio de Torres, aliyezaliwa karibu na Almería, Hispania, mwaka 1817 na kufa mwaka 1892, alianza maisha kama seremala. Ndiye aliyelipa gitaa la Kihispania umbo tunalolijua, lenye uso mwembamba ulioshikizwa kwa fito zilizotandazwa kama mbavu za kipepeo cha kupepea moto. Mwaka 1862 aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, ili kuonyesha kwamba sauti hutoka hasa usoni. Rafiki yake padri alisimulia baadaye kwamba Torres alikiri hawezi kumwachia mtu siri yake, maana ilikaa katika ncha za vidole vyake alipopima wembamba wa ubao.

Siri ya vidole ilizikwa naye. Lakini mafundi wa Kihispania huundia gitaa juu ya ubao uitwao solera, wenye umbo la gitaa na shimo dogo sana la kina kifupi. Uso hulazwa kifudifudi juu yake, fito hugandishwa kwa gundi zikibanwa, na uso ukiinuliwa huwa umetuna kidogo. Mwanafunzi asiye na vidole vya Torres hupata mtuno uleule kila mara. Niliposoma hayo, nilikumbuka lile sinia langu.

Wajerumani nao waligombana juu ya jambo hilihili. Huko Markneukirchen chama cha waunda fidla kilitaka kuwazuia maseremala wasiunde magitaa. C. F. Martin, wa ukoo wa maseremala, alihamia New York mwaka 1833, kisha Nazareth katika jimbo la Pennsylvania. Kampuni ya ukoo wake ipo Nazareth hadi leo.

Ama ile rula yenye mikato, hiyo iliniumiza zaidi, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa hesabu. Freti ni zile chuma zinazokingama shingoni. Vincenzo Galilei, baba wa yule mtaalamu wa nyota, aliandika mwaka 1581 juu ya kanuni ya 18: gawa urefu wa uzi kwa 18, weka freti ya kwanza hapo, kisha gawa kilichobaki kwa 18, na kuendelea. Kwa uzi wa milimita 650 freti ya kwanza huangukia 36.1. Lakini ukifika freti ya 12 unakuwa 322.6, ilhali nusu ya uzi ni 325. Ndiyo maana leo mafundi hugawa kwa 17.817. Hata hivyo, anayepima upya kila gitaa, freti baada ya freti, hulimbikiza makosa ya unywele mmoja mmoja. Mwenye rula ya mikato amekokotoa mara moja, akasahihisha mara moja, na hakosei tena. Nilichoma hesabu iliyokwisha kusahihishwa.

Mwaka 1996 nilisafiri kwenda kwa mzee yule kuungama. Alinisikiliza, akatazama mikono yake iliyokuwa imeanza kutetemeka. "Mwalimu," alisema, "vile vilinichukua miaka tisa. Kila kimoja kilizaliwa na gitaa lililoharibika." Hakunilaumu zaidi ya hapo. Aliingia ndani akatoka na gitaa lake la mwisho, akaniruhusu nilichore umbo lake kwenye karatasi na kunakili nafasi za freti. Mtuno wa uso hatukuweza kuupima; huo ulikwisha kupotea.

Sasa nimestaafu, nina meza ya kazi chini ya mwembe, na kutokana na michoro ile nimechonga vigezo upya. Solera nimeichimba mara nne na bado sijaridhika. Mjukuu wangu hunisaidia kubana. Juu ya kila kibao naandika kwa chuma cha moto kazi yake, vipimo vyake na mwaka. Na chini yake, kwa ajili ya mkuu yeyote atakayetaka kusafisha bohari, naongeza maneno mawili: SI KUNI.