Mbiti, Mchanga na Kesho

Nilipoacha chuo kikuu mwaka wa pili kwa kukosa karo, hakuna aliyelisikitikia somo lenyewe. Hapa Wote, ukisema ulikuwa unasoma falsafa na maadili, mtu anakuuliza, "Na hiyo mtu huandikwa wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kitabu kimoja tu begini, kilichoandikwa na mtu wa kwetu.

John Mbiti alizaliwa mwaka 1931 Mulango, karibu na mji wa Kitui. Alisoma Alliance na Makerere, na mwaka 1963 akapata shahada ya uzamivu Cambridge. Kisha akafundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974. Kabla yake, kitabu kilichotajwa sana kuhusu falsafa ya Wabantu kilikuwa cha Placide Tempels, padri Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga, Kongo. Mwaka 1969 Mbiti akatoa chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Safari hii msemaji alikuwa mtoto wa Ukambani.

Hoja yake iliyozua mjadala mkubwa ilihusu wakati. Alichunguza vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, akasema vile vya wakati ujao haviendi mbali: miezi michache, ikizidi sana miaka miwili. Akahitimisha kwamba katika fikra za jadi za Waafrika wakati una pande mbili hasa, na akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Kesho ya mbali karibu haipo, kwa kuwa bado haijatokea.

Wenzake hawakunyamaza. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga kwa kutumia Kiakan, akionyesha kwamba kwa watu wake wakati ujao wa mbali una neno lake na una nafasi katika mawazo yao. Kwani lugha mbili za Kenya zinaweza kulisemea bara zima?

Darasani niliyachukulia hayo kama maswali ya mtihani. Niliyaelewa baadaye, nikiwa na beleshi mkononi.

Nilirudi nyumbani bila kitu. Kijana wa rika langu akanipa kibarua cha kupakia mchanga kwenye lori, usiku, mtoni. Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, na kila mtu hapa anajua sababu. Mito yetu mingi ni ya msimu. Mvua ikiisha, maji hubaki yamejificha ndani ya mchanga, na akina mama huyachimba humo. Ukiuza mchanga, umeuza kisima. Nilijua yote hayo, na bado nilipakia.

Asubuhi nikampelekea susu unga na sukari. Akauliza pesa zimetoka wapi, nikamwambia. Hakunigombeza. Alisema tu, kwa Kikamba, "Maji hayo ni ya watoto ambao hawajazaliwa. Ulimwuliza nani?"

Hapo ndipo Mbiti akanirudia. Susu, ambaye hajui kusoma, alikuwa amempinga kwa maneno machache: kesho ya mbali ipo, tena ina wenyewe. Lakini pia alikuwa amemuunga mkono, maana Mbiti huyohuyo aliandika kwamba jamii si walio hai pekee. Wamo waliokufa ambao bado tunawakumbuka, na wamo watakaozaliwa. Basi hata kama vitenzi vinaishia miaka miwili, wajibu hauishii hapo.

Sitakudanganya kwamba falsafa ilinizuia usiku ule. Njaa ilikuwa na sauti kubwa zaidi. Ila sheria ingeweza kuniambia tu kwamba nimekosa. Kusoma maadili kulinifanya nijue nimemkosea nani, na kwa nini "kila mtu anafanya" si jibu. Na kumsoma Mbiti pamoja na wapinzani wake kulinifundisha kwamba mtu unaweza kumheshimu na bado ukamkatalia. Hilo linahitajika sana hapa, ambapo mwenye lori ndiye mwenye neno.

Jioni yule kijana akapiga simu, lori lingine linakuja. Nikamwambia siji. Akauliza kwa nini, nikaanza kumweleza, akakata.

Mbiti alifariki mwaka 2019 huko Uswisi. Kitabu chake sinacho tena nyumbani. Yule kijana alikuja kukiazima mwenyewe. Kila nikimwuliza atakirudisha lini, ananiambia kesho.