Neno la Binti Mwenyewe



Katika mazungumzo yetu ya leo tumekusudia kusema juu ya utawa wa masista na ndoa, kwa kuwa ni jambo linalozua maneno katika nyumba nyingi za hapa Nakuru, Bahati, Njoro, Molo na hata kule Baringo. Binti amemaliza shule, wazazi wanangoja siku wageni watakapobisha hodi wakiwa na habari ya mahari, naye jioni moja anasema kwamba anataka kwenda konventi. Mama ananyamaza. Baba anauliza, "Tumekukosea nini?"

Swali hilo tusilicheke. Wazee walioliuliza tangu zamani hawakuwa wajinga. Familia nyingi za Kikuyu zilizohamia Bonde la Ufa, kwanza kama vibarua katika mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru wa 1963 kama wenye mashamba yao, zilikuja na desturi ya majina. Mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na wa pili jina la mama wa mama yake. Kwa hiyo mama anayemlea binti hutazamia kuzaliwa tena kwa njia ya binti huyo. Asipoolewa, jina hukatikia hapo. Kwa Wanandi na Wakipsigis jambo lilikuwa zito vilevile, hata mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kutoa ng'ombe na kuoa mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wahesabiwe kuwa wa nyumba yake, na mali isikose mrithi. Mwanamke asiye na nyumba hakuwamo katika mawazo ya watu. Tena mara nyingi mifugo ya mahari ya dada ndiyo iliyomwozesha kaka. Msichana aliyekimbilia misioni aliweza kumwacha ndugu yake bila mke, na wazee wakaona kwamba wameibiwa.

Hata hivyo wasichana walikwenda. Huko Uganda shirika la Bannabikira lilianzishwa mwaka 1910, na jina lenyewe linatangaza ubikira. Mwaka 1918 Askofu Filippo Perlo alianzisha Masista wa Maria Imakulata kule Nyeri. Mwaka 1923 Mama Kevin, sista kutoka Ireland, aliwakusanya wasichana wa kwanza wa Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko kule Nkokonjeru. Mwaka 1956 Nairobi ikapata Masista wa Assumption. Jimbo letu la Nakuru lilipozaliwa mwaka 1968, sista Mwafrika hakuwa tena kitu cha kushangaza katika nchi yetu. Lakini kumwona sista wa watu wengine akipita barabarani ni jambo moja, na kumtoa binti yako mwenyewe ni jambo jingine.

Wako wanaosema kwamba desturi hii ni ya Wazungu, nao hawakuipata kwa machozi. Hapo inatupasa kuitazama Ulaya vizuri. Sisi Wakatoliki hatupendi sana kusimulia habari ya Katharina von Bora, lakini ina mafundisho. Mama yake alipofariki, baba yake alimpeleka kwa watawa angali mtoto wa miaka kama mitano. Mwaka 1515, akiwa na miaka kumi na sita, akaweka nadhiri. Ni nani aliyemwuliza? Usiku wa kuamkia Pasaka mwaka 1523 alitoroka konventi ya Nimbschen pamoja na wenzake katika gari la mfanyabiashara aliyezoea kuwaletea samaki, na mwaka 1525 akaolewa na Martin Luther, ambaye naye alikuwa mtawa zamani.

Tena angalieni jinsi mali ilivyokwenda. Katika Ulaya ya siku zile baba ndiye aliyetoa mali kumpa mume wa binti yake. Konventi nayo ilitaka mali, lakini mara nyingi ilitaka kidogo kuliko bwana arusi. Kwa hiyo baba mwenye mabinti wengi aliona ni nafuu kuwasukuma mmoja au wawili waingie utawani. Kwetu mali iliingia nyumbani, basi baba akamzuia binti asiende. Ulaya walisukuma, sisi tulivuta, na pande zote mbili mali ilihesabiwa kwanza, na neno la binti likaja nyuma.

Mtaguso Mkuu wa Trento ulilishika jambo hili mwaka 1563, mwaka wake wa mwisho. Uliagiza kwamba msichana aulizwe kwa niaba ya Kanisa kama anaingia kwa hiari yake, tena ukatoa laana juu ya wote wamlazimishao mwanamke kuingia utawani, na pia juu ya wote wamzuiao pasipo sababu ya haki. Wazazi hupenda kukumbuka nusu ya kwanza, na masista nusu ya pili!

Mtume Paulo mwenyewe, katika sura ya saba ya barua yake ya kwanza kwa Wakorinto, anakiri kwamba hana amri ya Bwana juu ya mabikira, bali anatoa shauri. Kanuni za Kanisa za mwaka 1983 zinafuata njia hiyo ya kutoharakisha. Unovisi hauanzi kabla ya miaka kumi na saba, nao huchukua angalau mwaka mmoja. Nadhiri za muda hufuata, si chini ya miaka mitatu. Nadhiri za daima haziruhusiwi kabla ya miaka ishirini na mmoja. Muda huo wote mlango uko wazi. Kwa hiyo tunasikitika tunapomsikia binti aliyerudi nyumbani akiitwa "aliyeshindwa", akichekwa sokoni, hata akakosa mchumba mwema. Alipewa muda wa kujibu, naye amejibu.

Na lile jina linalokatika? Desturi yenyewe ina jibu. Kwa Wakikuyu, babu na bibi wakishapewa majina yao, watoto wanaofuata huitwa majina ya ndugu na dada za wazazi, na shangazi aliye sista huhesabiwa pamoja nao. Wako pia waliopewa jina na watu wasiokuwa jamaa zao. Sista Irene Stefani, Mwitalia wa Shirika la Consolata, alikufa Gikondi mwaka 1930 kwa tauni aliyoipata akiuguza wagonjwa, naye watu walikuwa wamekwisha kumwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri kule Nyeri mwaka 2015.

Siku ya nadhiri za daima wazazi huwapo, na mara nyingi ndio wanaomsindikiza binti yao mpaka mbele ya altare, kama wangalivyofanya siku ya arusi. Halafu wanakwenda kuketi. Anaulizwa mbele ya watu wote anaomba nini. Nyimbo zimekwisha, ngoma zimenyamaza, na baba aliyewahi kuuliza "Tumekukosea nini?" anasubiri pamoja na kanisa zima asikie binti atasema nini.