Uvimbe wa Taya na Jeni ya MYC
Mtu asimamaye Nyahanga, katika Kahama, yumo ndani ya ukanda ambao Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, aliukagua mwaka 1961 kwa safari ya gari ya maili zipatazo 10,000. Mwaka 1957 alikuwa ameonyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote. Tangu hapo akawa akiwauliza matabibu wa hospitali ndogo, na majibu yao yakamfunza kwamba maradhi haya huepuka nyanda za juu zenye baridi, ila huandama joto na mvua, yaani makao ya malaria. Naona kuuliza kule kulizaa kuliko darubini nyingi.

Hata hivyo, darubini nayo ilikuwa na lake. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, London, walitangaza kuona kirusi katika seli za uvimbe huo. Na mwaka 1982 ikajulikana kuwa kipande cha kromosomu ya 8, kihamiacho mara nyingi kwenye ya 14, huichukua jeni MYC. Jeni hii huziamrisha jeni nyingine wakati seli B, mama wa kingamwili, zinapokua. Ikihamishwa hainyamazi tena, na seli huzaana pasipo kikomo. Dawa zaweza kumponya mtoto akifikishwa mapema Bugando, Mwanza, nako ni zaidi ya kilomita 200 toka Nyahanga.