Deni la Chura wa Kihansi

Ndugu msomaji, jioni unapowasha taa nyumbani kwako, uwe Tanga, Bagamoyo au Unguja, huulizi umeme ule umetoka mto gani. Taa yako yapata umeme katika gridi ya Taifa. Na miongoni mwa mito iliyofungwa kwa ajili ya gridi hiyo ni Kihansi, katika milima ya Udzungwa.

Zamani maji ya Kihansi yalianguka korongoni kwa kishindo, yakirusha manyunyu usiku na mchana. Ndani ya manyunyu hayo, mahali pa hekta chache tu, aliishi chura wa manjano asiyefika sentimita 3, ambaye hatagi mayai bali huzaa. Hakujulikana kuwako penginepo duniani. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, na ujenzi wa bwawa ulikuwa umekwisha anza.

Kufikia mwaka 2000 maji mengi yaligeuzwa yaende mitamboni, na manyunyu yakapungua mno. Yakawekwa mabomba ya kunyunyizia, na chura karibu 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Waliobaki korongoni waliongezeka kwa muda; kisha mwaka 2003 wakapukutika ghafula, na maradhi ya ukungu wa ngozi yakaonekana kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyu hayuko tena porini. Wale wa Marekani nao walikufa hata wakasalia chini ya 100, ndipo wakazaana tena.

Mwaka 2010 chura 100 walirudishwa kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Wako wasemao: umeme na chura, kipi bora? Swali hilo si la haki. Umeme ni neema. Kosa ni kuchimba kwanza na kuuliza baadaye. Mtume wetu (S.A.W.), katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, aliulizwa na tabibu juu ya kumtia chura katika dawa, akakataza kumwua. Zingatia: haja ya dawa ni haja ya kweli, na juu ya hivyo tabibu aliuliza kwanza.

Basi, ndugu yangu, kumwondoa kiumbe yule kulichukua miaka michache. Kumrejesha kumekwisha pita miaka 20. Deni hilo ni letu pia, sisi tunaosoma kwa taa hiyo.